Garrett Morgan na Somo la Kusimama Kabisa

Kuna methali moja ambayo madereva wetu wameigeuza kuwa wakili wao. Damu ikimwagika barabarani, kabla hata majeruhi hawajafikishwa hospitalini, utamsikia mtu akisema kwamba ajali haina kinga, na hapo mjadala hufungwa. Sina ugomvi na wahenga. Yako maafa yanayomfika binadamu bila ya yeye kuwa na la kufanya, na maneno hayo humliwaza aliyefikwa. Lakini hayamhusu dereva aliyekiona kibao chekundu chenye pembe nane kikimwamuru asimame, naye akapunguza mwendo kidogo, akachungulia upande mmoja, kisha akapita. Kinga ilikuwapo mbele ya macho yake, tena imeandikwa kwa herufi kubwa. Aliyeivunja ni yeye.

Mpenzi msomaji, tabia hii ya kusimama nusunusu imeenea mno hata hatuioni tena kuwa kosa. Dereva wa matatu anayo, mwenye gari la kifahari anayo, na mwendeshaji wa bodaboda aghalabu hapunguzi mwendo hata kidogo. Akitokea mmoja akasimama kabisa penye kibao, honi humlalamikia kutoka nyuma kana kwamba aliyetii sheria ndiye mkosaji. Nimeona leo nilizungumzie jambo hili kwa kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya mtu aliyetambua, miaka 100 na ushei iliyopita, thamani ya watu wote kusimama kwa wakati mmoja. Jina lake ni Garrett Augustus Morgan, Mmarekani mweusi, aliyefariki tarehe 27 Julai 1963, baina ya Madaraka yetu na Uhuru wetu.

Wanafunzi wengi wamelisikia jina hili katika orodha za wavumbuzi weusi, na wengi wameambiwa kwamba ndiye aliyevumbua taa za barabarani. Hilo si sahihi, na mwalimu mwema hana budi kulisahihisha. Taa ya kuongoza magari ilikuwapo London tangu Desemba 1868, mbele ya jengo la Bunge. Iliwashwa kwa gesi, na haikuchukua muda ikalipuka mapema mwaka 1869. Taa za umeme nazo ziliwekwa katika mji wa Cleveland, jimboni Ohio, tarehe 5 Agosti 1914. Morgan aliishi katika mji huo huo, kwa hivyo yamkini alizipita mara nyingi. Ubora wake haumo katika kutangulia. Umo katika kuliona pengo ambalo wengine walilipita bila kulishughulikia.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1877 huko Paris. Hii si ile Paris ya Ufaransa. Ni mji mdogo wa jimbo la Kentucky. Wazazi wake walikuwa wameonja utumwa, na ilikuwa haijatimia miaka 12 tangu utumwa ukomeshwe kote nchini Marekani. Alikuwa mtoto wa saba katika familia ya watoto 11. Shule aliyosoma haikumfikisha mbali, kwani aliiacha baada ya darasa la sita. Akiwa angali kijana wa umri wa miaka ya kumi na kitu alihamia Cincinnati kutafuta kazi. Huko alifanya kazi za mikono kwa tajiri mmoja, na katika ujira wake mdogo akatenga fedha za kumlipa mwalimu wa kumfundisha alichokikosa shuleni. Nawaomba wanafunzi walitazame jambo hilo kwa makini. Kijana asiye na kitu, katika nchi isiyomhesabu kuwa mtu kamili, alimlipa mwalimu kabla ya kujinunulia anasa yoyote.

Mwaka 1895 aliingia Cleveland na kupata kazi ya kutengeneza vyerehani katika viwanda vya nguo. Chuo chake kikawa kile cherehani kilichoharibika. Alijifunza jinsi gurudumu moja linavyolisukuma jingine, na jinsi kasoro ndogo katika sehemu moja inavyouharibu mshono mzima. Mwaka 1907 alifungua duka lake mwenyewe, na mwaka 1909, akiwa pamoja na mkewe Mary aliyekuwa mshonaji stadi, alifungua karakana ya nguo iliyowaajiri watu zaidi ya 30. Baadaye alivumbua dawa ya kunyoosha nywele, akaiundia kampuni mwaka 1913, na biashara hiyo ikampa uwezo wa kugharimia uvumbuzi wake mwingine.

Uvumbuzi uliomtangulizia sifa ni kifuniko cha kichwa cha kuwakinga wazima moto dhidi ya moshi. Morgan alikuwa ameiona siri iliyo wazi kwa kila mpishi wa jiko la kuni: moshi hupanda juu, na hewa iliyo afadhali hubaki karibu na sakafu. Basi akashona kifuniko chenye mrija mrefu unaoning'inia hadi chini, na ndani yake akaweka sifongo lenye maji la kuchuja moshi na kupunguza joto la hewa. Serikali ilimpa hataza ya chombo hicho, yaani hati inayomhifadhia mvumbuzi haki ya kazi yake, mwaka 1914. Lakini wanunuzi wengi, hasa wa majimbo ya kusini, hawakutaka kununua kitu kilichobuniwa na mtu mweusi. Ikambidi Morgan amkodi mzungu ajitie kuwa ndiye mwenye mali, huku yeye akijigeuza Mhindi Mwekundu na kuingia katika hema lililojaa moshi ili kuwaonyesha watazamaji kwamba chombo kinafanya kazi.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1916 kukatokea mlipuko katika njia ya maji iliyokuwa ikichimbwa chini ya Ziwa Erie, mkabala na Cleveland. Wafanyakazi walinaswa ndani, na waokoaji wa kwanza walioingia nao wakazidiwa na gesi. Morgan aliamshwa usiku. Akafika pamoja na nduguye Frank, wakavaa vifuniko, wakashuka. Waliwatoa watu humo, baadhi wakiwa hai. Hata hivyo, wakati wa kugawa nishani za ushujaa ulipowadia, wengine walitunukiwa na Morgan akaachwa. Alitegemewa kuingia katika shimo la mauti, lakini hakutambuliwa katika ukumbi wa sifa.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu ili msomaji amjue mtu mwenyewe kabla hatujafika naye barabarani. Mtu huyu alikuwa amezoea kuwafikiria waliomo hatarini, tena hatari ambayo wenyewe hawaioni: mzima moto ndani ya moshi, mchimbaji ndani ya gesi. Alipoitazama barabara ya Cleveland aliiona kwa macho hayo hayo.

Barabara hiyo ilikuwa vurugu tupu. Magari ya injini yalikuwa yakiongezeka kila mwaka, lakini magari ya farasi hayajaondoka. Humo humo mlikuwamo baiskeli, magari ya reli za mjini na watu wa miguu, kila mmoja akiwa na mwendo wake na kila mmoja akiamini kwamba njia ni yake. Miji mikubwa ilikuwa ikihangaika kutafuta dawa. Mjini New York, tajiri mmoja aitwaye William Phelps Eno, ambaye husemekana hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, aliandika kanuni za barabarani zilizoanza kutumika mwaka 1903. Detroit iliweka kibao cha kuwasimamisha madereva mwaka 1915. Kilikuwa cheupe chenye maandishi meusi. Umbo la pembe nane lilichaguliwa mwaka 1923, kwa mantiki kwamba kadiri hatari inavyokuwa kubwa ndivyo kibao kinavyopaswa kuwa na pembe nyingi zaidi, ili dereva akitambue kwa umbo lake hata gizani. Mwaka uliofuata kikapewa rangi ya manjano, kwa sababu haikuwapo rangi nyekundu iliyoweza kustahimili jua na mvua kwa muda mrefu. Wekundu tunaoujua leo ulikuja mwaka 1954.

Inasimuliwa kwamba Morgan alishuhudia mgongano mbaya wa gari la injini na gari la farasi penye makutano ya barabara, na kwamba moyo wake haukutulia tangu siku hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa na gari, na husemwa kwamba ndiye mtu mweusi wa kwanza kumiliki gari mjini humo. Kwa hiyo aliijua barabara kutoka ndani na kutoka nje. Alipozichunguza alama za wakati huo za kuongoza magari, aligundua kwamba nyingi zilijua maneno mawili tu: simama, nenda. Alama ilipogeuka, upande mmoja ulipewa ruhusa papo hapo huku upande wa pili ukiwa haujamaliza kupita. Aliyekuwa akienda alitaka kuwahi kabla hajafungiwa, na aliyekuwa amesimama alikwisha kuinua mguu ili aondoke. Kati yao alikuwa mtu wa miguu, ambaye hakuna alama iliyomkumbuka.

Morgan akabuni nguzo yenye mikono, iliyozungushwa kwa mkono na mwongozaji wa magari. Iliweza kuusimamisha upande mmoja na kuuruhusu mwingine, kama alama nyinginezo. Lakini kabla ya ruhusa kuhama kutoka upande huu hadi ule, mikono iliinuliwa na kuwasimamisha wote, kutoka pande zote. Kwa muda huo mfupi makutano yakawa matupu. Magari yaliyochelewa yakapata nafasi ya kuondoka, na mwenye miguu akavuka. Fauka ya hayo, usiku au wakati ambapo magari ni machache, mikono iliweza kuachwa nusu, kuwa onyo kwa dereva kwamba apite kwa hadhari. Aliomba hataza mwaka 1922, akaipata tarehe 20 Novemba 1923, nambari 1,475,024. Aliiuza haki yake kwa kampuni ya General Electric, na inaelezwa kwamba alilipwa dola 40,000, fedha nyingi mno kwa siku hizo.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Morgan alitambua kwamba hatari ya makutano haimo katika kwenda wala haimo katika kusimama. Imo baina ya hayo mawili, pale ambapo kila mtu anadhani kwamba zamu ni yake. Gari linalokwenda linaonekana na kukadiriwa. Gari lililosimama halimgongi mtu. Gari linalojongea ndilo hupotosha, kwa kuwa mama aliyembeba mtoto mgongoni haambiwi na lolote kama dereva anampisha au anamvizia. Hivyo basi, dereva anayesimama nusunusu penye kibao huwa analirudisha makusudi lile pengo ambalo Morgan alijitahidi kuliziba.

Wapo watakaosema kwamba natia chumvi, na kwamba gari linalotambaa halina madhara. Tufanye hesabu kama wanafunzi. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao dereva wetu huuita kusimama, hupita zaidi ya mita 4 kwa sekunde moja. Binadamu aliyeshtuka huhitaji kiasi cha sekunde moja, pengine zaidi, kabla mguu wake haujaikanyaga breki. Kwa hiyo gari litakuwa limeumaliza upana wa njia moja ya magari kabla breki haijaanza kufanya kazi yoyote. Tena kuna nguzo mbili zilizoshikilia kioo cha mbele. Nguzo hiyo yaweza kumficha mtoto mzima, na gari likijongea sawia na mtoto anavyotembea, atabaki amefichika nyuma yake hadi dakika ya mwisho. Dereva aliyesimama kabisa huupata muda wa kugeuza shingo, kuinama mbele kidogo na kumwona. Anayetambaa huapa baadaye kwamba hapakuwa na mtu, na huenda asiwe mwongo, maana kweli hakumwona.

Sheria zinazotawala barabara zinaujua ukweli huu. Ndiyo maana kuna vibao viwili tofauti. Kile cha pembetatu kinachomtaka dereva awapishe wengine kinamruhusu aendelee polepole ikiwa njia ni nyeupe. Kile cha pembe nane hakimpi hiari hiyo. Huwekwa mahali ambapo macho ya mtu aliye katika mwendo hayatoshi: penye kona, penye ukuta, penye ua la miti, penye wapita njia wengi. Lau ingekuwa yatosha kupunguza mwendo, wahandisi wasingehangaika kutengeneza vibao viwili.

Nazijua hoja za madereva. Wa matatu atasema kwamba tajiri anangoja hesabu yake jioni na kila sekunde ni shilingi. Lakini sekunde 3 za kusimama hazijawahi kumfilisi mtu, ilhali siku moja tu ya gari kufungiwa katika kituo cha polisi yatosha kumtia hasara ya juma zima. Mwenye gari dogo atasema kwamba usiku anahofia majambazi. Hiyo ni hoja yenye uzito, nami siibezi. Hata hivyo, tabia ninayoilalamikia haingoji usiku. Naiona saa moja asubuhi, jua likiwaka, wakati watoto wenye mikoba wamejaa kandokando ya barabara. Na wa tatu atasema kwamba kila mtu anafanya hivyo. Morgan alizaliwa katika nchi ambamo karibu kila mwenye uwezo alikuwa akifanya dhuluma, na wingi wao haukuifanya dhuluma kuwa haki.

Takwimu za serikali zaonyesha kwamba tangu mwaka 2021 barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wapita njia ndio kundi kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ulimwenguni kote hufa watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa kuanzia miaka 5 hadi 29. Sisemi kwamba wote hao waliuawa na waliokaidi vibao. Wapo walevi, wapo wenye kasi, yapo magari mabovu. Lakini mazoea ya kuipuuza amri ndogo ndiyo malezi ya kuipuuza kubwa. Samaki mkunje angali mbichi, na dereva vivyo hivyo.

Ndiyo sababu nikasema nawaandikia walimu na wanafunzi. Dereva wa mwaka 2040 yuko darasani leo. Kabla hajafundishwa kushika usukani ameshafundishwa barabara na wale anaowaona kila siku: baba anayempeleka shule, dereva wa basi la shule, mwendeshaji wa bodaboda anayembeba pamoja na wenzake wawili. Akiona kila asubuhi kwamba kibao chekundu ni pambo tu, hakuna mtihani wa kupata leseni utakaoyang'oa mafunzo hayo. Mwalimu na awatoe wanafunzi wake hadi kwenye lango, wasimame mahali pa salama, wahesabu kwa muda wa nusu saa ni magari mangapi yaliyosimama kabisa na mangapi yaliyotambaa. Wakirudi darasani wachore jedwali, watafute asilimia. Hilo ni somo la hisabati na la uraia kwa wakati mmoja. Na bodi ya shule ikiletewa jedwali hilo, itakuwa na la kumwambia dereva wa basi lake.

Morgan hakukoma kwenye barabara. Mwaka 1920 alianzisha gazeti la watu weusi mjini Cleveland ili wapate pa kusemea. Mwaka 1931 aligombea kiti katika baraza la mji, akashindwa. Katika miaka ya 1940 ugonjwa wa macho ulimnyang'anya sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona. Mtu aliyewafundisha wengine kusimama ili waone akaishi miaka yake 20 ya mwisho katika ukungu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 1991 mji wa Cleveland uliupa mtambo wake mmoja wa maji jina lake, miaka 75 baada ya usiku ule wa Ziwa Erie. Heshima ilichelewa, lakini ilifika.

Nguzo yake ya mikono haitumiki tena. Wazo lake lingali hai. Katika makutano mengi yenye taa za kisasa kuna kipindi kifupi ambapo pande zote huonyeshwa nyekundu kabla ya upande mmoja kuruhusiwa. Penye taa, mitambo hutusimamisha sote. Penye kibao hakuna mtambo wala mkono wa kuzungushwa na polisi. Kuna dereva na dhamiri yake. Hapo sheria imemwamini ajisimamishe mwenyewe, kwa ajili ya mtu ambaye bado hajamwona. Basi dereva na akanyage breki hadi magurudumu yatulie, aangalie kulia, aangalie kushoto, aangalie kulia tena, ndipo aende zake. Mwenda pole hajikwai, na aliyesimama kabisa hatamkanyaga mtoto wa mwenziwe.